Gari la Mkwe Lenye Viti Viwili

Siku ile nilipaswa kusema hapana. Mzee Yohani Kikoti wa Iringa, baba wa msichana niliyemchumbia, alinitumia ujumbe Mbeya kwamba amepata gari, gari halitembei, na kwa kuwa Mungu amempa mkwe fundi, basi nikija likizo nije na spana. Nilikuwa kijana, nina ovaroli mpya yenye mifuko mingi, na nilijiona. Nikasema ndiyo kabla mleta ujumbe hajamaliza kunywa maji tuliyompa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika ufundi wa magari. Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, na kila mnaponitembelea mnaniuliza kuhusu kabureta. Kabureta mtaijua tu. Mimi nataka niwaambie habari za gari moja nililolitengeneza nyumbani kwa watu, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mwasomola, Mnyakyusa mnene mwenye sauti nyembamba kama ya mtoto wa kwaya. Gari likiletwa karakana hapo Mbeya, hakuuliza lina nini. Alichukua kipande cha mti, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza maungamo. Kisha anasema, "Beringi." Au anasema, "Huyu hana ugonjwa, dereva wake ndiye mgonjwa." Mafuta ya gia aliyaonja kwa ulimi, akatema, na mara nyingine uso wake ulionyesha kana kwamba yamekosa chumvi. Msiige hilo.

Nilipomwambia kwamba nakwenda Iringa kutengeneza gari la baba mkwe, aliweka spana chini.

"Wewe mtoto wa Kihehe, umelogwa?"

"Kwa nini, Fundi?"

"Gari la mkwe ni kama jino la mkwe. Likiuma, mwonyeshe njia ya kwenda kwa mwingine. Ukiling'oa vizuri atasema halikuwa na shida. Ukiling'oa vibaya utalala na njaa kila sikukuu. Mwambie unaumwa."

"Nimeshakubali."

"Basi nenda. Lakini breki usibahatishe. Injini ikikataa, mtu anachelewa tu. Breki ikikataa, mtu anawahi kule asikotaka."

Nikacheka. Nikapanda basi na sanduku la spana mapajani.

Nyumbani kwa Mzee Kikoti palikuwa kijiji kimoja si mbali na Tosamaganga, juu ya kilima, na njia yao ya kwenda kanisani ilikuwa mteremko mtupu. Gari nililikuta katikati ya ua, kuku wawili wamelala ndani yake. Lilikuwa jekundu, la mbio, la kizamani hata kwa wakati ule, lililotengenezwa kabla ya vita. Viti viwili tu. Halina paa. Milango yake mifupi kama ya banda la mbuzi, na boneti ndefu kuliko sehemu yote ya kukaa watu. Mzee alilipata kwa mzungu mmoja mkulima wa tumbaku kwa kubadilishana na maksai wake wawili. Maksai hao hao ndio waliolivuta mpaka nyumbani, kisha wakageuzwa wakaenda kwa bwana wao mpya.

Mdogo wake Mzee, Baba Mdogo Tomasi, hakumwacha apumue.

"Kaka, hebu nieleweshe. Umetoa jembe, umepata kiti."

"Ni gari hilo, Tomasi."

"Gari linatembea. Hiki ni kiti chenye taa."

"Mkwe wangu amekuja. Jumapili utaniona."

Mzee alikuwa amepigana vita ile kubwa, akarudi na koti la jeshi na tabia ya kusimama wima hata akiwa amekaa. Mimi nilisimama wima pembeni yake, nikagonga tairi kwa mguu kama mtu anayejua. Tairi likatoa pumzi yake ya mwisho.

Sasa kuna jambo mnapaswa kulielewa, maana ninyi wa leo mnakaa na wakwe zenu mezani mkigombania mapaja ya kuku. Kwetu wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Husemi naye, huli mbele yake, huketi alipo. Si chuki, ni heshima, na inaanza siku posa inapopokelewa, hata harusi haijafika. Baada ya harusi hupelekwa mbuzi wa kuwafungulia mlango, na mambo hulegea. Mbuzi wangu mimi alikuwa Kilolo kwetu, bado ananyonya.

Na mimi nimekuja kufanya kazi katikati ya ua wake.

Mama Kikoti alikuwa mama wa kazi. Anatwanga, anaanika, anachota, anafagia, na kila kazi inampitisha uani. Akitaka kupita anakohoa. Mimi nikisikia kikohozi naingia chini ya gari kama panya. Akienda jikoni, nalala. Akirudi, bado nimelala. Akikumbuka kwamba amesahau mwiko, mafuta yananidondokea jichoni. Ndiyo maana sehemu ya chini ya gari lile niliitengeneza vizuri sana, kila bolti, kila nati, na sehemu ya juu niliifanya kwa kurukaruka kama mwizi wa mahindi.

Tulizungumza, lakini kwa kupitia kuku. Mama alisimama nyuma ya kihenge chake cha mahindi, uso ameugeuzia ukuta, akasema, "Wewe kuku, mwambie huyo mgeni aliye chini ya gari kwamba ugali umeiva, na bakuli langu la mboga aliloweka misumari nalitaka."

Nami chini ya gari nikajibu, "Wewe kuku, mwambie mama ahsante. Mwambie si misumari, ni nati, na zikichanganyika tumekwisha."

"Wewe kuku, mwambie nati hazipikiwi mboga."

Kuku mwenyewe alikuwa anadonoa waya wa taa.

Hapo kuna somo, na mlishike. Ukifungua injini nyumbani, usipange nati kwenye vyombo vya jikoni. Nilipoteza nati moja ya kabureta siku tatu nzima. Ilipatikana kwenye kisamvu, na aliyeipata ni padri aliyekuja kututembelea, na hata kabla ya hapo meno yake yalikuwa machache.

Rozina, mchumba wangu, alikuwa anapita akiniletea maji na kunicheka. Yeye niliruhusiwa kumwona, mradi mtu mzima awe karibu, na Baba Mdogo Tomasi alijiteua kuwa mtu mzima, akakaa kwenye kigoda na kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mchana kutwa. Rozina alikuwa na sikio. Nilimfundisha kusafisha pointi, vile vyuma viwili vidogo vya kutoa cheche, kwa ubavu wa kiberiti, na kupima nafasi kati yake kwa kipande cha kadi ya posta, na akazifanya kuliko mimi. Injini ilipowaka mara ya kwanza, ikatingishika na kupiga chafya, wote walikimbia. Yeye aliinamisha kichwa.

"Ya pili kutoka mbele inakohoa," akasema.

Nikafungua plagi ya pili. Ilikuwa imelowa mafuta. Nikamwangalia.

"Unaniangalia nini?" akaniuliza. "Angalia gari. Au unamwoa nani hapa?"

"Nikimaliza hili gari nitakujibu."

"Basi nitazeekea kwa baba."

Nilikuwa na furaha kuliko wakati mwingine wowote, chini ya gari lile bovu.

Asubuhi moja injini ilichemka. Moshi mweupe ukatoka kwenye rejeta, halafu povu, povu jingi, likamwagika kwenye boneti mpaka uani, na kijiji kizima kikanukia kama sherehe. Wazee wakaanza kujitokeza, mmoja baada ya mwingine, wakiuliza nani anaoa. Nikaonja lile povu kama Fundi Mwasomola.

"Baba Mdogo, umeweka nini kwenye rejeta?"

"Uliniambia jaza."

"Nilisema maji!"

"Maji ya mto yana matope, mwanangu. Ulanzi umechujwa."

Ilibidi kuiosha rejeta ile mara nyingi, na wale wazee hawakuondoka mpaka walipohakikisha kwamba kinachotoka ni maji matupu.

Sasa breki. Gari lile lilikuwa na breki za waya. Ukikanyaga, waya unavuta, kiatu cha breki kinabana gurudumu kwa ndani, na breki ya mkono inavuta waya huo huo. Waya huo ulikuwa umeoza, ukakatikia mkononi mwangu kama tambi. Iringa mjini nikazunguka kote, haupo. Mbeya ungeweza kupatikana, lakini likizo yangu ilikuwa inakwisha, na Mzee alishatangaza Jumapili. Nikaomba kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe, nikakata ukanda mrefu, nikauloweka, nikausokota, nikauvuta na kuufunga mahali pa waya, nikauacha ukauke. Ngozi ikikauka inakaza. Ilikaza kama ngoma. Nilikanyaga breki na gari likasimama pale pale. Rozina alinipigia makofi, nami nikainama kama mwanasiasa.

Mnajua ngozi ikilowa inakuwaje. Mimi pia nilijua.

Nilimwambia Mzee, "Baba, gari hili kwa sasa ni la kuwashwa hapa uani. Lisishuke kilima mpaka nirudi na waya kutoka Mbeya." Sikumwambia kwa nini. Mzee akasema, "Nimekusikia." Wazee wa jeshi wakisema nimekusikia, maana yake ni sauti tu iliyofika.

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ikanyesha.

Asubuhi ua ulijaa watu. Mzee alitoka na koti la jeshi, vifungo vinang'aa, na kofia kubwa ya mzungu aliyopewa pamoja na gari. Nyuma yake, Mama Kikoti na khanga mpya. Nikageuka haraka, nikaukodolea ukuta macho.

"Leo," Mzee akatangaza, "mimi na mama yenu tunakwenda misa kwa gari."

Watu wakapiga makofi. Nikasikia mlango mfupi ukifunguliwa, kiti kikilia, na mama akisema, "Mbona kiti hiki kiko chini hivi, kama napanda sufuria?" Wakacheka. Nami pua yangu inagusa ukuta.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Kumwambia mama ashuke sikuweza, ni mkwe. Nilitafuta kuku wa kumtuma. Kuku wote walikuwa bandani kwa sababu ya manyunyu. Kumwambia Mzee niliweza, lakini watu wote walikuwa pale, na Baba Mdogo Tomasi amesimama amekunja mikono akisubiri kicheko. Nitasemaje mbele yao kwamba fundi wa Mbeya amefunga breki kwa ngozi kama mtu anayefunga ngoma? Heshima ilinifunga mdomo upande huu, aibu ikaufunga upande ule. Nikaenda nyuma ya gari kusukuma na wenzangu ili liwake, uso chini.

Mzee alishika usukani kutoka nje, akitembea kando ya mlango, ili gari likipata mwendo aruke ndani kiaskari. Gari likapata mwendo. Mzee akaruka. Mguu ukateleza kwenye tope, akaketi chini wima kabisa, kofia bado kichwani, na gari likampita.

Lilikuwa limeshafika ukingo wa kilima. Ndani yumo mama peke yake.

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia, nikarukia kiti cha dereva. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama kama kwenye uji.

Hapo mama akaniona. Akapiga yowe, akajifunika khanga kichwa kizima kwa heshima. Mimi nami, kwa heshima, nikageuza uso wangu upande wa kulia, kwenye mashamba ya mahindi. Gari lilikuwa na watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia njia.

Kuku hayupo. Ilibidi tutumie vilivyokuwepo.

"Wewe kioo!" mama akapiga kelele ndani ya khanga. "Mwambie huyo mtoto wa watu akanyage breki!"

"Wewe usukani! Mwambie mama nimekanyaga tangu kule juu!"

Mnaniuliza, kwa nini hukuingiza gia? Gari lingejishika lenyewe. Vijana wangu, mkono wa gia ulikuwa katikati ya viti. Goti la mama mkwe lilikuwa limeulalia, na khanga yake ya kiunoni imefunika vyote viwili.

"Wewe usukani, mwambie mama asogeze goti!"

"Wewe kioo, mwambie goti langu halina pa kwenda, hiki ni kisufuria!"

"Wewe usukani, mwambie mama basi namwomba radhi, nashika gia!"

"Wewe kioo, mwambie akithubutu!"

Sikuthubutu. Tulikuwa tunakwenda kufa wote wawili, na sikuthubutu.

Misa ya kwanza ilikuwa imetoka. Waumini walitapakaa njiani, na walichokiona ni gari jekundu lisilo na paa linashuka kilimani, kijana amegeuza uso kwa haya, na pembeni yake mwanamke amefunikwa khanga mpya. Wakapasua njia katikati. Mama mmoja akaanza kigelegele, wengine wakadakia.

"Maharusi! Maharusi hao!"

Mbali juu yetu nikasikia sauti ya Baba Mdogo Tomasi akikimbia na kupaliwa: "Siyo harusi! Jamani! Huyo ni mama mkwe wake!"

Vigelegele vikakatika ghafla.

Chini kabisa palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Gari liliingia kwa adabu, likasukuma wimbi moja, likazama mpaka viti, likasimama. Maji yalikuwa yanafika kifuani. Mama Kikoti akasimama peke yake. Khanga ilikuwa imeelea. Hakuitafuta. Akageuka, akaniangalia usoni moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

"Breki uliitengeneza kwa kitu gani?"

Sikuona kioo wala usukani wa kumjibia. "Kwa ngozi, mama."

"Na mvua ilipokuwa inanyesha, ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa napanda, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akatikisa kichwa, akatoka majini akipita katikati ya watu waliokuwa wanampisha njia.

Mzee Kikoti hakunikasirikia. Alicheka mpaka akakaa chini tena, safari hii kwa kupenda. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema kuketi pamoja kwa bahati mbaya si mwisho wa dunia, nilete mbuzi, yaishe. Nikaleta mbuzi kutoka Kilolo. Mama hakutoka ndani kumpokea. Alimtuma Tomasi aseme hivi: habari ya kiti na goti ameisamehe siku ile ile, hata yeye anapoikumbuka anacheka. Lakini mtu aliyejua, akamwacha apande, hampi mtoto wake.

Wazee walijaribu tena. Akajibu hivyo hivyo.

Rozina alinisindikiza mpaka barabarani kungoja basi la Mbeya. Nilianza kumweleza. Nilimwambia kwamba mama nisingeweza kumsemesha, ni desturi, na kwamba Mzee alizungukwa na watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza ile injini.

"Nilikuwa nimesimama pale," akasema. "Hatua mbili kutoka kwako. Ungeniambia mimi, ningemwambia mama. Mimi si mkwe wako."

Basi likaja.

Fundi Mwasomola hakuniuliza kitu niliporudi. Alinipa gari la kwanza la siku ile, lori la Chunya, na kazi yenyewe ilikuwa breki. Tangu hapo, kila gari nililolitilia shaka nilimwambia mwenyewe mbele ya watu, kwa sauti kubwa, hata akinitukana. Hilo mlishike, nati na plagi mtajifunza kwa wengine.

Rozina aliolewa mwaka uliofuata na mwalimu wa shule, wakahamia mbali. Nilisema ndiyo kwa gari lile ili nionekane fundi kwao, na nilichokipoteza ni yeye. Sikuoa mwingine.